Namna ya kuandika hadithi ya mafumbo ya Zama za Kati kwa wasomaji wachanga

Hadithi nyingi za ngome, mapanga na majoka zinazoandikwa kwa watoto huharibika kwa sababu ileile: mwandishi ana funzo mkononi na ana haraka ya kulitoa. Mtoto wa miaka kumi hulinusa kabla ukurasa wa pili haujaisha, naye huondoka kimyakimya. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika hadithi yenye maana mbili, ya wazi na ya ndani, lakini ile ya wazi iweze kusimama yenyewe. Kipimo ninachokitumia ni hiki: ukiiondoa maana ya ndani, hadithi inabaki? Kama haibaki, ulichoandika ni hotuba iliyovishwa chapeo.

Nitafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, hadithi ya kubuni ambayo bado haijaandikwa, ili kila hatua ionekane ikifanya kazi.

Hatua ya kwanza: anza na swali

Usianze na sifa njema. "Msamaha ni mzuri" haina hadithi ndani yake, kwa kuwa hakuna atakayebisha. Tafuta swali ambalo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulizozania hadi usiku wa manane. Kwa mfano: je, mtu anaweza kusamehe kosa ambalo hakutendewa yeye bali bibi yake? Hapo pana hadithi, maana kila upande una hoja.

Swali liwe la saizi ya mtoto. Kuachwa na rafiki, kumwonea wivu ndugu, kuambiwa umchukie mtu usiyemjua, kuogopa kusema ulichokiona. Ukitaka kuandika juu ya dhuluma za watawala au vita, unaweza, ila ingia kwa mlango ambao mtoto keshaupita.

Hatua ya pili: tafuta kitu kitakachobeba swali, kisha ukipe sheria

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi hupita mbio.

Katika mfano wetu, kuna mji wenye ukuta ambamo kila familia iliyotendewa ubaya ilichukua kaa moja la moto siku ya kosa, ikalitia ndani ya chetezo cha chuma, na tangu hapo kaa hilo hurithiwa. Wazo hilo peke yake ni pambo tu. Linageuka hadithi pale unapoliwekea sheria:

Kaa halizimiki maadamu mwenye nalo anakisimulia kisa cha kosa kila usiku. Linakula kuni usiku na mchana. Halimpi mtu joto: ukilisogezea mkono unasikia baridi. Na likizimika, mwenye nalo husahau kisa chote, pamoja na sura ya yule aliyekosewa.

Angalia sheria ya nne. Bila hiyo, jibu lingekuwa rahisi: zimeni makaa, mpate kuni, mwisho. Sasa, msichana wa hadithi yetu akiliacha kaa la bibi yake lizimike, anampoteza bibi yake kwa mara ya pili. Sheria isiyomuuma mtu haina kazi kwenye hadithi ya mafumbo.

Angalia pia kwamba sheria zote nne zimetolewa kwenye tabia ya kinyongo chenyewe: kinaishi kwa kusimuliwa, kinakula mali, hakimfai mwenye nacho, na wakati mwingine ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho. Lakini neno "kinyongo" halitaandikwa popote ndani ya kitabu. Jiwekee hilo kama amri. Neno lile la maana ya ndani liandike kwenye kikaratasi, kibandike ukutani mbele yako, na usiliruhusu liingie kwenye muswada hata kwa bahati mbaya.

Hapa kuna mtego wa upande wa pili, ule wa kutaka kila kitu kiwe fumbo: joka ni uchoyo, mto ni wakati, farasi ni dhamiri, viatu vya farasi ni sijui nini. Watu wa Zama za Kati wenyewe waliupenda sana mtindo huo. Mwanzoni mwa karne ya 5 mshairi Prudentius aliandika kwa Kilatini shairi refu ambamo fadhila na maovu vinapigana vita mwili kwa mwili, na karne nyingi baadaye majukwaa ya Ulaya yalijaa wahusika walioitwa Kifo, Mali na Matendo Mema. Hadhira ile ilikuja ikijua inakuja kufanya nini. Mtoto anayechukua kitabu chenye picha ya ngome jaladani amekuja kutafuta ngome. Kwa hiyo fumbo moja kubwa linatosha, na mbwa wa msichana wetu awe mbwa.

Hatua ya tatu: jenga Zama za Kati zinazofanya kazi

Zama za Kati ni kipindi cha miaka kama elfu moja, takriban 500 hadi 1500, na mtu wa mwaka 800 hakuvaa, hakula wala hakupigana kama mtu wa mwaka 1400. Hata kama nchi yako ni ya kubuni, chagua karne moja ukae hapo. Ukimvika farisi wako, yaani askari wa farasi wa tabaka la makabaila, mabamba ya chuma kutoka utosini hadi vidoleni, uko karne ya 15. Ukimvika vazi la pete za chuma, unaweza kurudi hadi 1100 bila wasiwasi. Vazi la pete lilikuwa na kilo 10 hadi 15 hivi, deraya kamili ya mabamba kilo 20 hadi 25, na aliyezoea aliweza kukimbia nayo na kupanda farasi bila kushikwa mkono. Lile onyesho la farisi anayeinuliwa kwa mashine ili akalishwe juu ya farasi ni mchezo wa sinema, liache hukohuko.

Vitu vidogo ndivyo humuumbua mwandishi. Viazi mviringo, nyanya, mahindi, pilipili kali na tumbaku vilitoka Amerika, na Ulaya havikuwepo kabla ya safari ya Columbus ya 1492. Chungu cha mkulima wako kitie shayiri, maharage mapana, kabichi na vitunguu. Utamu uwe wa asali, kwa kuwa sukari ilikuwa ya matajiri. Kitabu kiliandikwa kwa mkono, mara nyingi juu ya ngozi, na Biblia moja kubwa ingeweza kumaliza ngozi za wanyama zaidi ya mia. Matbaa ya Gutenberg, mashine ya kupigia chapa vitabu, ilikuja katikati ya karne ya 15. Basi shujaa mwenye mkoba uliojaa vitabu ni tajiri kuliko mfalme wa pale jirani. Muda ulihesabiwa kwa jua na kengele za kanisa. Mtembea kwa miguu alikwenda kilomita 25 hadi 30 kwa siku, basi pima ramani yako kwa hesabu hiyo kabla hujampeleka mtu ng'ambo ya milima na kumrudisha kabla ya chakula cha jioni.

Lakini usikusanye mambo haya kama mapambo ya ukutani. Unatafuta jambo moja au mawili yatakayoisukuma hadithi yako. Katika miji mingi ya Ulaya, jioni ilipigwa kengele ya kuwaamuru watu wafunike moto, kwa sababu nyumba zilikuwa za mbao zenye mapaa ya nyasi na cheche moja ingeteketeza mtaa. Hebu iweke amri hiyo kwenye mji wetu wa vyetezo. Kila moto unafunikwa isipokuwa makaa ya makosa, maana yakifunikwa yatazimika. Usiku mji wote ni giza, watu wanatetemeka kwa baridi, na kila dirisha lina nukta nyekundu isiyompa mtu joto. Sikuhitaji kubuni sana hapo. Historia imeleta nusu ya kazi.

Jambo la pili ni msitu. Uingereza, baada ya Wanormani kuiteka mwaka 1066, wafalme waliweka maeneo makubwa chini ya sheria za msitu, ambako mtu wa kawaida hakuruhusiwa kukata mti au kuwinda apendavyo, hadi Hati ya Misitu ya 1217 iliporudisha baadhi ya haki. Mji unaokula kuni usiku na mchana, kando ya msitu ambao wakulima wanaruhusiwa kuokota matawi makavu tu: mgogoro umejizaa wenyewe, na baridi bado haijaanza.

Hatua ya nne: mtoto

Kuna mazoea ya kuwaua wazazi ukurasa wa kwanza ili mtoto apate nafasi ya kusafiri. Zama za Kati zinakupa njia nyepesi zaidi. Mtoto wa kiume wa kabaila alipelekwa kwenye ngome ya watu wengine akiwa na umri wa miaka kama 7, akawa mtumishi wa ndani. Akifika 14 hivi akawa msaidizi wa farisi. Akikaribia 21 aliweza kuapishwa. Mjini, mtoto aliingizwa kwa fundi, na mkataba wa miaka saba ulikuwa jambo la kawaida. Vijijini alichunga, alifukuza ndege mashambani, alibeba maji. Mhusika wa miaka 12 ana kazi, ana mabosi na ana sababu ya kuwa njiani.

Msichana wetu ni Odila, miaka 12, mtoto wa mchoma mkaa. Wachoma mkaa waliishi msituni. Walipanga magogo, wakayafunika kwa majani na udongo, kisha wakayachunga usiku na mchana kwa siku kadhaa, kwa maana hewa ikipenya ghafla, rundo zima linawaka na kuwa majivu. Kwa hiyo Odila anajua moto kuliko baraza la mji, na anajua kabla yao kwamba msitu unakwisha. Na anataka nini? Anataka kurithi chetezo cha bibi yake. Ameahidiwa, amejiandaa, anajivunia. Mpe mhusika wako hamu ya kitu kilekile kitakachomletea taabu, na hutahitaji mzee mwenye ndevu nyeupe aje kumpa safari.

Hatua ya tano: adui mwenye hoja

Msimamizi wa Vyetezo, Bwana Renaldi, hupita nyumba kwa nyumba usiku kuhakikisha visa vinasimuliwa. Ni rahisi kumfanya katili. Jaribu badala yake kumpa hoja nzuri: "Siku mtakaposahau, wenye nguvu watarudia." Na kweli, ana haki kwa kiasi fulani. Msomaji mchanga akimsikia adui akisema jambo lisilojibika haraka, huacha kusoma kivivu.

Jihadhari na urithi mbaya wa aina hii ya hadithi: adui mweusi wa ngozi, adui kibyongo, adui mgeni mwenye lafudhi, giza daima ni uovu na weupe daima ni wema. Wasomaji wako wana ngozi na migongo pia. Ubaya uweke kwenye uamuzi wa mtu.

Na joka? Kama unalo na lina kazi, sawa. Mimi naona muujiza mmoja wenye sheria nne unatosha kitabu kizima.

Hatua ya sita: andika onyesho bila kulielezea

Tazama matoleo mawili ya usiku uleule.

La kwanza: "Odila aliutazama moto, akaelewa kwamba chuki humla anayeibeba. 'Sasa najua,' alisema, 'kwamba kulipiza kisasi hakumfaidii mtu.'"

La pili: "Bibi alikohoa, akaanza upya. 'Siku ile mto ulikuwa umejaa.' Odila alikijua kisa neno kwa neno. Aliegemeza paji la uso ukutani asije akasinzia. Kilipofika darajani, Bibi akanyamaza. Ndani ya chetezo, kaa likapauka. 'Halafu?' Bibi aliuliza, macho yamemtoka. 'Halafu ikawaje, mjukuu wangu?' Odila akatazama kikapu: vijiti vitatu. Nje theluji ilikuwa imeanza. 'Halafu akaikata kamba,' alisema, na kaa likawaka."

Kwenye la pili hakuna aliyejifunza chochote. Lakini msomaji ameona bibi anapoteza kumbukumbu, ameona mtoto akiwa mlinzi wa ugomvi ambao haukuwa wake, na ameona kwamba angeweza kunyamaza asinyamaze. Mtoto wa miaka tisa atayaona hayo yote hata kama hawezi kuyataja. Ukimaliza rasimu, pekua maneno haya: "alielewa kwamba", "alijifunza kuwa", "tangu siku hiyo akajua". Kila ulipoyakuta, futa sentensi nzima uone kama kuna kilichopungua. Mara nyingi hakuna.

Sura ziwe fupi kwa wasomaji wa miaka 8 hadi 12. Maneno elfu moja na mia tano yanatosha onyesho moja na mlango wa kuingilia jingine.

Hatua ya saba: majina na namna ya kuitana

Kiswahili kina mfano mkubwa wa majina yanayosema. Katika Kusadikika, kilichochapishwa 1951, Shaaban Robert anamweka Karama kizimbani mbele ya mshtaki aitwaye Majivuno, na msomaji anajua papo hapo nani ni nani. Pale inafaa, kwa sababu kitabu kizima kimejengwa kama kesi na hoja. Katika hadithi ya safari na hatari kwa watoto, jina la namna hiyo humaliza fumbo kabla halijaanza. Ushauri wangu: majina yenye maana yape mahali na vitu, kama Daraja la Kamba au Lango la Deni, na watu wape majina mafupi yanayotamkika kwa ulimi wa Kiswahili, hasa kama kitabu kitasomwa kwa sauti.

Amua mapema nani anamwitaje nani. Odila humwita bibi yake "Bibi" na yule mwingine "Bwana Msimamizi", daima, hata anapomkasirikia. Siku atakapomwita "Renaldi" tu, mbele ya baraza, litakuwa tukio kubwa kuliko panga kuchomolewa, na halitakugharimu aya hata moja ya maelezo.

Hatua ya nane: mwisho utoke kwenye sheria

Usilete muujiza mpya sura ya mwisho. Rudi kwenye sheria zako uzisome kama wakili. Sheria ya nne inasema mwenye kaa ndiye husahau. Haisemi kwamba msikilizaji husahau.

Huo ndio ufa. Kabla ya kuliacha kaa lizimike, Odila anakwenda kwa Tibo, mjukuu wa yule aliyeikata kamba ya daraja, anamsimulia kisa chote, naye Tibo anakubali kukibeba. Kuanzia hapo ubaya ule unakumbukwa na ukoo uliotenda. Hoja ya Bwana Renaldi imejibiwa bila yeye kushindwa kwa upanga, kuni zimeokoka, na gharama imelipwa: Odila hamkumbuki tena bibi yake, na itabidi asimuliwe habari zake na mtoto wa adui. Ufa huo uoneshe mapema, sura ya pili au ya tatu, kwa jambo dogo tu. Kwa mfano, jirani aliyezima kaa lake anasahau kisa, lakini mtoto wake aliyekuwa akisikiliza mlangoni bado anakijua. Msomaji makini atalikumbuka, na atajisikia mwerevu, jambo ambalo watoto hawalipati vitabuni mara kwa mara.

Hatua ya tisa: mpe mtoto asome

Soma kwa sauti mbele ya watoto wa umri uliokusudia, wasiwe wanao pekee, kwa kuwa wanao watakuonea huruma. Usiwaulize "mmejifunza nini?" Swali hilo huwafanya wakupe jibu la darasani. Waulize: ikawaje? Ungekuwa Odila ungefanyaje? Wapi ulichoka? Wakikutajia funzo kwa maneno matatu lakini hawakumbuki nani alikata kamba, rudi hatua ya pili.

Mmoja atasema kaa ni deni. Mwingine atasema ni ugomvi wa baba na mama. Usiwasahihishe, na usikimbilie kubadilisha kitabu ili kila mtu aone ulichokiona wewe. Cha kurekebisha ni yale wanayokukamata nayo kwa haki: "Mbona sura ya tano alipasha mikono kwenye chetezo, na ulisema ni baridi?" Kabla ya kumpelekea mhariri, orodhesha kila onyesho lenye kaa, kagua moja moja dhidi ya sheria nne, kisha fanya vivyo hivyo kwa idadi ya siku za safari na kiasi cha kuni kilichobaki.